Kazi ya mtandaoni na maisha ya kuhamahama: Funzo kutoka nchi ya chai

KWA takriban karne moja sasa, milima ya Kericho na Bomet imekuwa ikipokea watu wanaohama kwa ajili ya kazi. Tangu makampuni makubwa ya Waingereza yalipoanza kupanda chai kwa wingi katika miaka ya 1920, watu kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi wamekuwa wakifunga mizigo na kuja kuchuma majani, huku jamaa zao wengi wakibaki nyumbani. Kazi ilikaa mahali pamoja; mtu ndiye aliyeifuata.

Leo mambo yamegeuka. Katika miji ya Kericho, Litein, Sotik na Bomet, hata vijijini kulikozungukwa na michai, wapo vijana ambao kazi yao yote imo ndani ya kipakatalishi. Kuna wanaotafsiri, wanaotunza hesabu za wafanyabiashara wa ng'ambo, wanaounda tovuti na wanaofundisha lugha kwa njia ya video. Mteja wao huenda yuko London au Chicago, na hajali kama kazi imefanyiwa Kericho, Kilifi au Kampala, mradi imfikie kwa wakati na bila kasoro.

Kutokana na hali hiyo limezuka swali: ikiwa kazi inabebeka, kwa nini mwenye kazi akae mahali pamoja? Baadhi ya watu wameanza kupanga maisha ya kukaa miezi mitatu hapa na minne kule, wakifuata hali ya hewa, kodi nafuu ya nyumba au hamu ya kuiona dunia. Serikali nayo imelitambua wimbi hili. Mnamo Oktoba 2024, Rais William Ruto alitangaza kibali kipya cha daraja N kwa wageni wanaotaka kuishi Kenya huku wakiwafanyia kazi waajiri walio nje ya nchi.

Maisha ya namna hii yana raha yake, lakini hayaendeshwi kwa kubahatisha. Anayetaka kuyapanga hana haja ya kutafuta mwalimu mbali. Wafanyakazi wa mashamba ya chai wamekwisha kuonja utamu na uchungu wa kuishi mbali na kwao, na funzo lao kubwa ni hili: anayehama anahitaji mahali pasipohama.

Nyumba ya kazi si nyumba yako

Katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, kampuni ilimpa mfanyakazi chumba kambini, maji, zahanati na shule ya watoto. Kwa aliyekuja mikono mitupu, hayo yalikuwa mengi. Hata hivyo, nyumba ile ilifungamana na kazi. Siku kazi ilipokwisha, na nyumba ilikwisha siku hiyo hiyo.

Yametokea mengi ya kuthibitisha jambo hilo. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wengi wenye asili ya sehemu nyingine walitoroka mashamba hayo, wakaacha mali zao. Baadaye zilikuja mashine za kuchuma chai, ambazo zimepunguza idadi ya mikono inayohitajika. Mnamo Mei 2023, hasira dhidi ya mashine hizo zililipuka Kericho na baadhi yake zikateketezwa. Kisha mashamba yenyewe yakabadilisha wenyewe: kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka ilinunua biashara ya chai ya James Finlay nchini Kenya mnamo 2023, na mwaka uliofuata ikaafikiana kununua mashamba ya Lipton, yale yaliyokuwa ya Unilever na kabla yake Brooke Bond.

Katika misukosuko yote hiyo, walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wamejenga chochote kwao. Aliyekuwa na kibanda, ng'ombe wawili na robo ekari alirudi nyumbani akaanza upya. Aliyekuwa na chumba cha kambi pekee alibaki njia panda.

Msomaji anayefanya kazi kwa mtandao asidhani hayo hayamhusu. Kazi yake pia imepangishwa. Mnamo Machi 2024, jukwaa la Remotasks, lililowapa Wakenya wengi kazi za kuandaa data, lilisitisha shughuli zake nchini, na waliolitegemea peke yake wakajikuta hawana pato. Mnamo 2022, Uingereza ilipitisha sheria ya kupiga marufuku biashara ya kuwaandikia wanafunzi kazi zao za shule na vyuo, biashara iliyokuwa na waandishi wengi Kenya. Tangu mwishoni mwa mwaka huo huo, programu za akili unde zimechukua sehemu ya kazi za kuandika, kutafsiri na kunukuu sauti. Mashine ya kuchuma chai na programu hizi ni ndugu. Moja imekuja shambani, nyingine imekuja mezani.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya mpango ni kuwa na kituo, kabla ya kuchagua mji wa kuhamia. Si lazima kiwe jumba. Chumba katika boma la wazazi chatosha, au ploti ndogo iliyolipiwa kidogo kidogo. Hapo ndipo patawekwa vyeti, hati na vifaa vya akiba, na hapo ndipo atakapokuwapo mtu mwaminifu wa kupokea barua na kupeleka karatasi ofisini. Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayesafiri bila ngama hana pa kurejea bahari ikichafuka.

Hatua ya pili ni kutokuwa na mteja mmoja. Mtu ambaye zaidi ya nusu ya pato lake latoka kwa kampuni moja au jukwaa moja hajawa tayari kuhama. Kwanza apanue wateja, ndipo afunge mizigo.

Hesabu ya bonasi

Wakulima wadogo wanaouza majani kupitia viwanda vilivyo chini ya Shirika la Ustawi wa Majanichai, KTDA, hulipwa kwa namna ambayo kila anayetegemea mtandao angefaa kuichunguza. Kila mwezi mkulima hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo aliyopeleka. Kisha mwaka wa fedha ukishafungwa, yapata Oktoba, hupata malipo ya mwisho yaitwayo bonasi, ambayo hutegemea bei iliyopatikana katika mnada wa Mombasa, gharama za kiwanda na thamani ya shilingi.

Mkulima mwenye busara huishi kwa malipo ya mwezi, na bonasi huifanyia jambo la kudumu. Asiye na busara huila bonasi kwa mkopo kabla haijaja. Mwaka 2025, wakulima wengi wa Kericho na Bomet walilalamika vikali walipotangaziwa bonasi ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Aliyekuwa amekwisha kuitumia mapema aliumia mara mbili.

Pato la mtandaoni nalo hupanda na kushuka. Tuchukue mfano wa mtu aliyepata, katika miezi sita, Sh70,000, Sh45,000, Sh90,000, Sh30,000, Sh60,000 na Sh65,000. Jumla ni Sh360,000, na wastani ni Sh60,000 kwa mwezi. Wengi wangepanga maisha ya Sh60,000. Huo ndio mtego. Anayepanga kuhamahama anafaa kupanga maisha ya Sh30,000, yaani mwezi ulio mbaya kuliko yote, na kinachozidi akigawe mafungu matatu: akiba ya dharura ya kumtosha miezi sita, fedha za safari, na kodi ya serikali.

Gharama ya kuhama nayo hudharauliwa. Mtu hufikiria nauli tu, akasahau amana ya nyumba, kodi ya mwezi wa kwanza, godoro, mtungi wa gesi, meza ya kufanyia kazi, na siku tatu au nne ambazo hatafanya kazi kwa kuhangaika. Ikiwa kila uhamisho unagharimu Sh25,000, anayehama mara sita kwa mwaka atatumia Sh150,000, ilhali anayehama mara mbili atatumia Sh50,000. Anayekaa muda mrefu pia hupata nafasi ya kuzungumza na mwenye nyumba juu ya kodi. Kwa hivyo, miezi mitatu mahali pamoja iwe ndiyo kiwango cha chini kabisa. Sita ni bora.

Jambo jingine ni njia ya kupokea fedha. Tangu 2018 imewezekana kuhamisha fedha kutoka PayPal hadi M-Pesa, na benki nyingi hupokea malipo ya kigeni. Hata hivyo, akaunti yaweza kufungwa kwa ukaguzi mtu akiwa safarini. Kuwa na njia mbili za kupokea malipo kutamwepushia fedheha ya kukosa hata nauli huku pesa zake zikiwa mtandaoni.

Umeme, mtandao na radi

Sasa natugeukie mahali penyewe. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, ikiambatana na radi na mvua ya mawe. Hali hii inayoifaa chai haivifai sana vyombo vya umeme. Anayekuja kufanya kazi hapa ajue mapema kwamba wingu likijikusanya, nyaya huchomolewa ukutani, na kazi huendelea kwa betri.

Wenyeji wakubwa wa eneo hili walilijua hilo zamani. Makampuni ya chai ya Kericho yalijenga mitambo yao wenyewe ya kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji, ili viwanda visisimame. Hospitali ya Tenwek, katika Kaunti ya Bomet, ilijenga mtambo wake katika mto Nyangores, kwa kuwa chumba cha upasuaji hakiwezi kungoja. Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipotumbukia gizani, kila mtu alijifunza maana ya kuwa na chanzo cha pili. Mfanyakazi wa mtandaoni hawezi kujenga bwawa, lakini aweza kununua betri nzuri ya kuendesha kompyuta na kifaa cha intaneti kwa saa nne au tano. Anayetegemea sola azingatie kuwa ukungu na mawingu ya nchi ya chai hupunguza nguvu ya jua, hivyo paneli inayotosha Mulot huenda isitoshe Mogogosiek.

Kuhusu mtandao, kosa la kawaida ni kupima nguvu zake barabarani. Ardhi ya huku ni mabonde na vilima. Nyumba iliyo juu ya kilima yaweza kuwa na mtandao wa kasi, na iliyo bondeni, hatua 300 tu kutoka hapo, isipate kitu. Mpimaji aingie ndani ya chumba atakachofanyia kazi, afunge mlango, na apime saa ile ile atakayokuwa akifanya kazi. Awe na kadi za simu za makampuni mawili. Mijini kuna nyaya za faiba katika baadhi ya mitaa, na tangu Julai 2023 huduma ya setilaiti ya Starlink imewafikia hata walio mbali na miji, ingawa dishi lake lahitaji anga wazi lisilozibwa na miti.

Saa pia ni sehemu ya mpango. London iko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu kulingana na majira, nayo Chicago kwa saa nane au tisa. Mteja wa Chicago anapofungua ofisi asubuhi, Kericho ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, wakati ule ule ambapo mvua ya alasiri huenda imekwisha kukata umeme. Anayefanya kazi hiyo atalala mchana, basi atafute nyumba isiyo jirani na stendi ya matatu wala karakana.

Kodi, afya na kura

Wapo wanaodhani kwamba mtu asiye na makao ya kudumu hana deni kwa serikali. Hiyo si kweli. Kwa mujibu wa sheria ya kodi ya mapato, mwenye makao ya kudumu Kenya huhesabiwa kuwa mkazi akikaa nchini kwa muda wowote katika mwaka, na asiye na makao ya kudumu huhesabiwa hivyo akikaa siku 183 au zaidi. Fedha alizolipwa kutoka ng'ambo kwa kazi aliyoifanyia Kericho ni pato la Kenya. Taarifa za kodi huwasilishwa kabla ya Juni 30 kila mwaka, na ni vyema mtu ahifadhi kumbukumbu za kila malipo.

Wenye nia ya kuvuka mipaka nao wapambanue mambo mawili. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho. Lakini ruhusa ya kuingia si lazima iwe ruhusa ya kufanya kazi. Kibali cha daraja N cha Kenya ni cha wageni wanaokuja hapa. Mkenya anayekwenda kwingine ataongozwa na sheria za huko, na inampasa aulize kabla ya kusafiri.

Kwa upande wa afya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya pato, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Wasio na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka kwa pamoja, hivyo fungu hilo liwekwe kando mapema. Kabla ya kukodi nyumba, mtu aulize hospitali iliyo karibu. Katika eneo hili zipo hospitali za rufaa za Kericho na Longisa, pamoja na Tenwek, lakini mwenye maradhi ya kudumu lazima ajue pia dawa zake zinauzwa wapi.

Haki ya kupiga kura nayo husahaulika. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na jina la mpiga kura hukaa katika kituo alichojiandikisha. Anayehamahama aamue mapema kama atajisajili kwenye kituo chake cha kudumu, na apange kuwa huko siku hiyo.

Ujirani hauji kwa mtandao

Mji waweza kuwa na umeme na intaneti, na bado ukawa mgumu kuishi kwa mtu asiyefahamika. Miongoni mwa Wakipsigis, ujirani una utaratibu wake wa zamani uitwao kokwet, ambapo wakazi wa eneo moja hukutana na kuyazungumza mambo yao chini ya wazee. Siku hizi upo pia mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa 2013. Mgeni anayefika akajifungia chumbani, akilala mchana na taa yake ikiwaka hadi alfajiri, ataanza kushukiwa, hata kama kazi yake ni halali. Dawa yake ni nyepesi: katika juma la kwanza ajitambulishe kwa mwenye nyumba, kwa mzee wa mtaa na kwa majirani wawili au watatu, na aeleze kazi anayoifanya.

Ajifunze pia historia ya mahali. Ardhi hii nzuri ilitwaliwa na wakoloni kutoka kwa wenyeji, na ukoo wa Talai ulihamishwa hadi Gwassi mnamo 1934. Machungu hayo hayajakwisha. Mgeni mwenye adabu huyasikiliza kabla ya kuyatolea maoni. Vile vile, mwenye pato la dola asilipe kodi mara mbili ya bei ya mtaa kwa kuwa tu anaweza, maana baada ya miezi michache yeye ataondoka, na mwalimu au mchuma chai aliye jirani ataachiwa bei hiyo.

Mwenye watoto ana hesabu ya ziada. Wachuma chai wengi waliacha familia nyumbani, na watoto wakawajua baba zao kwa likizo na barua. Kama familia itahama pamoja, uhamisho ufuate kalenda ya shule, yaani Aprili, Agosti au mwisho wa mwaka, na usiwe katika mwaka wa mtihani. Kama itabaki, siku za kurudi ziandikwe kwenye mpango kama zinavyoandikwa tarehe za mteja.

Jaribio kabla ya safari

Wataalamu wa kilimo hawapandi shamba zima kwa miche wasiyoijaribu. Anayetamani maisha haya naye ajaribu kwa mwezi mmoja, karibu na kwao. Mkazi wa Kericho aende Bomet, au wa Bomet aende Kericho, akodi chumba, afanye kazi zake zote akiwa huko, na aandike kila shilingi na kila saa iliyopotea. Mwishoni ajiulize: je, wateja wote walipata kazi kwa wakati? Je, nilitumia chini ya pato la mwezi wangu mbaya? Je, mtandao ulipokatika nilikuwa na njia ya pili? Je, kwetu mambo yalikwenda sawa nilipokuwa mbali?

Akipata jibu la ndiyo katika yote manne, njia imefunguka. Akipata hapana hata mara moja, afadhali arekebishe hapo kwanza, maana kasoro iliyomsumbua kilomita chache kutoka kwao itamsumbua zaidi Kampala au Mombasa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee. Mfanyakazi wa mtandaoni ana bahati ya kwenda na jembe lake mkononi. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba ana shamba lake kwao, hata kama ni dogo, ambalo jembe hilo laweza kulirudia.